Alama Sita kwa Grini ya Baba

Ujumbe wa chama cha gofu cha mkoa ulimkuta Netta Slessor dukani, mikono imejaa unga, Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili. Viwanja ambavyo kikosi chake kingevipima ugumu mwaka huo vilikuwa vinne, na cha tatu kilikuwa Balmerran. Alilisoma jina hilo mara mbili, akafuta kidole kwenye aproni, akalisoma tena. Chini yake kulikuwa na ile fomu ya kila mwaka yenye swali ambalo wapimaji wengi hulijibu bila hata kulitazama: je, wewe au jamaa yako mna uhusiano wowote na klabu hii? Netta akaandika "Hapana", akatuma, akarudi kupanga mikate ya siagi kwenye trei huku akipiga mluzi. Wenzake wakatazamana. Miaka ishirini na sita waliyofanya naye kazi hawajawahi kumsikia akipiga mluzi.

Uhusiano ulikuwepo, tena wa damu. Baba yake, George Slessor, ambaye pwani nzima ilimwita Dod, alikuwa mtunza uwanja wa Balmerran kwa miaka kumi na tisa. Alizijua zile nyasi za mchangani kama mchungaji anavyowajua kondoo wake. Grini ya shimo la saba, ule uwanda wa nyasi fupi wenye tundu na bendera, aliijenga mwenyewe, mwaka aliozaliwa Netta, akibeba vipande vya nyasi kwa toroli kutoka ufukweni na kuvilaza kimoja kimoja kwa magoti. Wanachama waliipa jina la Tenga, kwa sababu ilikaa kama tenga la samaki lililofunikwa kifudifudi: mpira usipotua pale juu katikati, huteremka ubavuni taratibu, bila haraka, mpaka chini kwenye mchanga, na mwenye mpira anabaki kuutazama.

Mwaka wa sabini na sita mvua ziligoma. Kapteni wa klabu wakati huo alikuwa Archie Tennant, wakili, mtu aliyezoea kusema na kusikilizwa. Mashindano ya mkoa yalikuwa yanakaribia na yeye alitaka grini ziwe kijani, si rangi ya mchanga.

"Zitie mbolea, Slessor," alimwambia.

"Zimelala, bwana," Dod akajibu. "Ukizilisha sasa utaziunguza. Tungoje mvua."

Kapteni hakungoja. Jumapili, Dod akiwa kwa dada yake, aliwaita vibarua wawili wa uwanjani, akawaamuru wamwage mbolea ya kiwandani kwenye grini zote kumi na nane. Kufikia Alhamisi zilikuwa zimekauka kama mkate uliosahauliwa ndani ya tanuri. Kwenye mkutano wa wanachama Archie Tennant alisimama akasema kwamba mtunza uwanja amefanya kazi bila kuuliza mtu. Wale vibarua waliitwa kutoa ushahidi, wakatazama viatu vyao. Dod akapigwa kalamu jioni hiyo hiyo, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya klabu, kwa hiyo akapewa wiki mbili ahame.

Netta alikuwa na miaka kumi na mitano. Siku ya kuhama, yeye na mama yake walibeba godoro wakalipitisha mbele ya dirisha la chumba cha kulia cha klabu, maana njia ilikuwa hiyo moja tu. Ndani watu walikuwa wanakula. Waliwaona. Hakuna hata mmoja aliyeweka uma chini. Hilo ndilo lililomkaa Netta rohoni kuliko mengine yote, na alilitunza kama mtu anavyotunza moto ndani ya majivu.

Baba yake alimalizia maisha yake bandarini Portlogie akibeba makreti ya samaki. Miaka minane, halafu mapafu. Uwanja wa gofu hakuukanyaga tena.

"Ungesema, baba," Netta alimwambia mara moja.

"Ningemwambia nani? Wote walikuwa mle ndani."

Gofu Netta alijifunzia Portlogie, uwanja wa wavuvi, mfupi, uliobanwa kati ya barabara na bahari, na aliipenda kwa dhati. Lakini kazi ya kupima viwanja hakuifuata kwa mapenzi. Aliifuata siku aliposikia kwamba wapimaji huingia klabu yoyote, na hakuna kapteni awezaye kuwazuia mlangoni, na namba wanayoiacha ndiyo watu wa nchi nzima huusoma uwanja kwayo: mipigo mingapi mchezaji hodari ataihitaji pale, na yule wa kawaida atateseka kiasi gani. Alisoma, akafanya mtihani, akapima viwanja vya watu kwa miaka kumi na miwili, kwa haki kabisa, akapandishwa kuwa kiongozi wa kikosi. Akangoja.

Siku ya Balmerran ilikuwa Julai, upepo ukitoka mashariki. Wapimaji walikuwa watatu: Netta, Wilma Imlach aliyekuwa mwalimu wa hisabati, na Murdo Geddes, polisi mstaafu ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupiga mipira pale alipoambiwa. Mlangoni aliwapokea kapteni wa sasa, Ranald Tennant, mtoto wa yule yule. Alikuwa na kidevu cha baba yake. Netta alikitazama kidevu hicho muda wote wa salamu.

"Karibuni sana," Ranald alisema. "Supu ya samaki wa moshi iko jikoni, mkimaliza mtakula. Tulikuwa sabini na nne nukta nane. Tumebadilisha mashimo tisa ya zamani kwa mapya, marefu. Mkituandikia sabini na sita hatutalalamika."

"Tutaandika tutakachokiona," Netta akasema.

"Bila shaka, Bi Slessor." Jina hilo halikumshtua hata kidogo. Pwani ile akina Slessor ni wengi.

Yale mashimo mapya hayakumpa Netta taabu yoyote ya dhamiri. Yalikuwa marefu tu, kama hotuba. Mchezaji hodari angeyapita akiwa anapiga miayo, na mchezaji wa kawaida angepotelea kwenye majani ya kiunoni waliyoyaacha yaote kandokando ili watu waogope.

"Portlogie mtu anaweza kuuruka kwa mguu mmoja," Murdo alisema akitafuta mpira wake wa tatu humo majanini, "lakini sijawahi kutoka pale bila kutukana. Hapa nimechoka tu."

"Pale pana tabia," Wilma akasema. "Hapa pana urefu."

"Kuna uwanja mgumu na kuna uwanja mkorofi," Netta alisema. "Ule mgumu unakuuliza swali, ukiwa na akili unajibu. Huu umejificha majanini unakutupia mawe."

"Ameanza mahubiri," Wilma akamwambia Murdo. "Andika alama, shoga, tutalala hapa."

Akaandika. Alama tatu, alama nne kati ya kumi, zote za haki, na kila moja ilimshuka kooni kama maji baridi. Tatizo lilikuwa kwenye yale mashimo ya zamani. Hapo uwanja ulibadilika. Ardhi ilianza kupanda na kushuka, upepo ukawa na maana, na kila grini ilikuwa na mahali pamoja pa kuiendea na pengine pote pa kujuta. Netta aliona hesabu inavyokwenda. Kwa haki, grini za Dod Slessor peke yake zingeibeba Balmerran mpaka sabini na nne na kitu, na Ranald Tennant angekula supu yake akicheka.

Walifika Tenga saa saba mchana. Murdo alipiga mpira wa kwanza ukatua mita moja kutoka kwenye bendera, ukafikiri kidogo, ukaanza kuteremka. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ulikaa juu kiasi cha kumfanya Murdo anyooshe ngumi, kisha ukawafuata wenzake mchangani.

Netta alipiga goti kuzikagua nyasi. Zilikuwa fupi, ngumu, zimeshikana, zilezile za ufukweni, zilizounguzwa zikachipua tena, zaidi ya nusu karne na bado hazijaachiana. Aliweka kiganja juu yake akakiondoa haraka.

"Tisa," Wilma alisema.

"Tisa," Murdo akasema, "na hiyo ni kwa huruma."

Kiongozi ndiye mwenye neno la mwisho. Netta akaandika sita.

Wilma aliona. "Netta, mipira mitatu imeteremka mbele ya macho yako."

"Murdo hajui kupiga."

"Hilo nakubali," Murdo akasema, akacheka.

Wilma hakucheka. "Sita ni alama ya grini ya bustanini."

"Mpigo wa kuifikia ni mfupi. Unashusha alama. Nimepima viwanja vingi kuliko wewe."

Wilma alimtazama muda mrefu, mtazamo wa mwalimu aliyeona majibu mawili yanayofanana kwenye madaftari mawili. Lakini miaka kumi na moja walikuwa pamoja na hajawahi kumshika Netta na kosa. Akatia saini. Netta akazipunguza grini nyingine tano za zamani kwa mkono ule ule. Kila alipopunguza aliona kama anampiga baba yake kofi, na alipiga, kwa sababu nyuma ya baba yake alikuwa amesimama Archie Tennant na hapakuwa na njia nyingine ya kumfikia.

Namba zilitangazwa Septemba. Balmerran: sabini na mbili nukta sita. Portlogie, uliopimwa na kikosi kingine kiangazi hicho hicho: sabini na mbili nukta tisa. Uwanja wa wavuvi umeushinda ugumu uwanja wa mawakili.

Duka la mikate halijawahi kuwa tamu vile. Netta hakuhitaji kusema kitu. Alikata mkate na kusikiliza.

"Nasikia Balmerran wanapeleka vikongwe kupunga upepo, uwanja umekuwa mlaini."

"Tennant kajifungia nyumbani."

"Atatoka vipi? Na lile bango lake la 'mgumu kuliko wote pwani'?"

"Wameling'oa. Nimepita jana, nimeona matundu ya misumari."

Mashindano makubwa ya wanawake, ambayo Balmerran waliyaomba miaka sita, yakapelekwa kusini. Netta alilikata tangazo gazetini akalibandika mlangoni mwa friji, na kila asubuhi alilisoma akichukua maziwa. Hakuona haya hata kidogo. Alikuwa analala usingizi wa mtoto.

Hali hiyo ilidumu mpaka Februari.

Sandy Watt, dereva wa kijiko cha kuchimbia udongo, alipita dukani asubuhi kununua mikate ya kazini. "Nipe minane leo," alisema. "Tuko watu wengi. Balmerran wanavunja zile grini sita za zamani mlizozipunguza, wamemleta mtaalamu kutoka London. Ripoti yenu ilisema ni dhaifu. Tunaanza na ya saba."

Netta alibaki na mkate mkononi. "Lini?"

"Sasa hivi. Mwenzangu keshaanza."

Alitoka na aproni yake, akaingia kwenye gari la mikate lililokuwa limeshapakiwa, akaendesha. Alipofika, kijiko kilikuwa kimeshakula upande wa kusini wa Tenga. Nyasi zilikuwa zimelundikwa kando kama mazulia ya nyumba iliyofiwa na mwenye nyumba, na mchanga mweupe uko wazi, na kile kilima kilichokaa tangu mwaka aliozaliwa kilikuwa kimebaki nusu. Ranald Tennant alisimama pembeni na ripoti mkononi, sahihi ya Netta ikiwa chini ya ukurasa.

"Wasimamishe," Netta alisema.

"Bi Slessor? Kuna nini?"

"Wasimamishe kwanza."

"Siwezi kusimamisha kazi bila sababu. Ninyi wenyewe mmesema grini hii ni sita." Aligonga karatasi kwa kidole. "Mimi niliipenda, kama unataka kujua. Nilipigana nayo tangu nikiwa na miaka saba. Lakini namba ni namba."

Kijiko kiliinua mkono wake tena. Netta alijua kwamba akifunga mdomo, ushindi wake utabaki mzima: bango lililong'olewa, gazeti kwenye friji, yote. Alihitaji tu kusimama pale kimya dakika kumi.

"Si sita," alisema. "Ni tisa. Niliandika uongo."

Ranald alimtazama, kisha akainua mkono kumpungia dereva. Injini ikazimwa. Upepo ukasikika.

"Kwa nini?"

"Hii grini aliijenga Dod Slessor. Ni baba yangu. Na baba yako alimpakazia kosa lake mwenyewe, akamfukuza kama mwizi, na sisi tukapitisha godoro letu mbele ya dirisha lenu mkiwa mnakula."

"Baba alituambia Slessor aliacha kazi mwenyewe. Kwamba alipata kazi bora."

"Ya kubeba makreti ya samaki."

Ranald alikunja ripoti mara mbili. Uso ulikuwa umemwiva. "Umetuchafua nchi nzima, umetunyang'anya mashindano, halafu unakuja hapa kumtukana marehemu?"

"Kosa langu nimelisema mbele yako. La kwenu nalo lisemwe. Kwenye mkutano wa wanachama, palepale lilipofanyika. Kwamba mbolea ile aliiamuru Archie Tennant, na Dod Slessor alimkataza."

"Hilo siwezi. Ni baba yangu."

"Na huyu wangu alikuwa nani?"

Netta akarudi kwenye gari. Watu wa Portlogie walipata mikate yao saa tano siku hiyo, imepoa, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Chama kilimfuta kwenye orodha ya wapimaji. Wilma na Murdo waliitwa kuhojiwa, nao wakatoka na onyo kwa sababu ya saini zao. Wilma alimpigia simu mara moja tu. "Nilikuamini nikiwa nimefumba macho," alisema. "Ungeniambia, labda ningekusaidia. Hukuniambia." Akakata. Kikosi kipya kikaenda Balmerran, na Tenga iliyobaki nusu ikarudishiwa zile nyasi, na namba mpya ikatoka: sabini na nne nukta mbili. Bango likarudi na misumari mipya. Dukani wateja walianza kuongea kwa sauti ya chini kila Netta alipotoka jikoni. Gazeti la kwenye friji alilibandua mwenyewe.

Chuki yake haikupungua hata robo. Alimchukia Archie Tennant kama kawaida, alimchukia mtoto wake kwa kuupata ushindi wote, na sasa akajumlisha na nafsi yake kidogo, kwa ajili ya ule upande wa kusini wa grini ambao haukupata kukaa vizuri tena.

Mwezi wa Mei Ranald Tennant aliingia dukani. Watu wote wakageuka. Alisimama kwenye foleni, ilipofika zamu yake akasema, "Wale vibarua wawili waliotajwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Kuna aliye hai?"

Netta alifuta kisu. "Eck Noble. Yuko kwenye nyumba ya wazee, Portlogie. Anasikia kwa sikio la kushoto tu. Unataka mkate?"

"Sita."

Alimfungia, akampa, hakusema asante wala karibu tena.

Wiki mbili baadaye, jioni moja wakati duka linafungwa, Wilma aligonga mlango wa nyuma. Walikuwa hawajaonana tangu Februari. Hakusalimu. Alivuta kiti cha jikoni akaketi na koti lake.

"Nimetoka mkutano wa Balmerran. Nilialikwa kama mgeni. Tennant kasimama akasema amekwenda kwa Eck Noble, na Noble amemwambia kila kitu. Akaisoma barua ya kumfukuza baba yako, halafu akasema ni uongo, na kwamba iandikwe kwenye kumbukumbu za klabu kuwa ni uongo."

Netta aliweka birika motoni.

"Alitaja jina la baba yake?"

"Alilitaja. Archibald Tennant, kapteni."

"Kwa sauti?"

"Nilikaa nyuma kabisa, nilisikia."

"Watu walifanyaje?"

"Wazee wanne walitoka. Mmoja alisema ni aibu mtoto kumvua nguo baba yake mbele ya watu. Tennant alingoja mpaka mlango ukafungwa, akaendelea. Alipomaliza sauti ilikuwa imemkauka."

"Alilia?"

"Netta."

"Nauliza tu."

"Hakulia. Alikunywa maji. Glasi ilikuwa inagonga meno."

Netta alimimina chai, akaweka kikombe mbele ya Wilma, akaketi upande wa pili wa meza. Usoni hakuwa na furaha hasa, ila alikuwa ameinama mbele kama mtu mwenye njaa aliyesikia sahani zinapangwa.

"Mimi bado nimekukasirikia," Wilma alisema.

"Najua. Una haki." Akasogeza bakuli la sukari. "Hao wazee wanne waliotoka, ni akina nani? Anza na yule wa kwanza. Halafu unirudie tena pale kwenye glasi."